Gonga mti kabla ya kutoa pesa

Ndugu wachimbaji, na ninyi akina mama mwenye munabaki kulinda nyumba wakati sisi tuko chini ya ardhi, juma hili hatuandiki juu ya mshahara. Tunaandika juu ya mchwa. Musicheke kwanza. Someni hadi mwisho, kisha mutatuambia kama si habari ya mshahara vilevile.

Mwezi uliopita tulienda kumsaidia mwenzetu mmoja kuhamisha kabati ndani ya nyumba aliyonunua hapa Bunia, upande wa Mudzipela. Ni mzee wa kazi: miaka makumi mbili na tatu ya kupanga miti ndani ya galeri. Nyumba alinunua na dekonte yake ya mwisho. Kwa macho ilikuwa nyumba safi: mabati ya kung'aa, rangi ya kijani, mlango wa chuma. Tulipovuta kabati, tukakuta ukuta nyuma yake umejaa mistari ya udongo, mingine minene kama kidole, inatoka kwenye kona ya sakafu na kupanda hadi kwenye plafo. Tukachoma shevroni moja na turnevisi. Ikaingia yote hadi kwenye mpini. Kwa inje ule mti ulikuwa bado mti, ndani ulikuwa udongo na hewa.

Kisha mama mwenye nyumba akakumbuka sanduku la mbao chini ya kitanda. Akalifungua. Fishi za mshahara za miaka yote, karatasi za CNSS, diploma ya mtoto wa kwanza: mchwa walikula katikati, wakaacha kandokando tu. Mama hakulia. Alisema: "Baba delege, pesa ya miaka makumi mbili na tatu, imeliwa kwa miaka miwili." Mzee mwenyewe hakusema kitu.

Tunajua kwa nini alinyamaza. Yule mzee, kila asubuhi mbele ya kuingia kazini, aligonga mti wa galeri. Akisikia sauti ngumu, tunaingia. Akisikia sauti ya ngoma, hakuna mtu anaingia, hata bwana mkubwa akipiga kelele. Wengi wetu tuko wazima juu ya sikio lake. Lakini siku ya kununua nyumba yake hakugonga hata mti mmoja. Na sisi wa sendika, mwenye tulipigana ile dekonte itoke, hatukumwambia agonge. Tulimpigia mikono, tukaenda. Kosa ni letu pia.

Tuseme ukweli. Tangu zahabu ilipoonekana Kilo mwaka 1903, na zaidi nyuma ya kampuni ya Kilo-Moto kuanzishwa mwaka 1926, wazee wetu wengi waliishi ndani ya makambi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, mchwa walikuwa shida ya kampuni. Leo wengi wetu tunajijengea wenyewe ao tunanunua, hapa Bunia, Mongbwalu, Nizi ao Iga-Barrière. Kwa mchimbaji, nyumba ndiyo pansio ya kweli. Mgongo ukikataa kazi, utaishi ndani yake, ao utapangisha chumba kimoja upate ya kula. Lakini tunajenga kwa macho ya jirani: pesa inaenda kwenye mabati, rangi na mlango wa chuma. Kwenye msingi, fasi mchwa wanapitia, hatuweki kitu.

Adui huyu tunapashwa kumjua. Kusema kweli, mchwa ni mchimbaji kama sisi. Anachimba galeri, anapitisha hewa, anafuata maji chini. Hata wanajiolojia, mbele ya kutoboa ardhi, huchukua udongo wa kichuguu na kuupima, kwa sababu mchwa ameshapandisha juu udongo wa chini, na dalili ya zahabu inaweza kuonekana ndani yake. Mchwa wa kazi ni mweupe na laini, hawezi jua, hawezi hewa kavu. Kwa hiyo kila fasi anapopita inje ya ardhi anajenga bomba la udongo. Yale mabomba kwenye ukuta ndiyo galeri zake. Tofali ya kuchoma haili, simenti haili, lakini anapita kwenye ufa mwembamba sana kufuata mti, karatasi na nguo.

Na wale kumbikumbi mwenye watoto wanakimbilia mvua ikianza, tunakaanga na chumvi, ni taifa lile lile: ni wale wenye mabawa, wanatoka kwenda kuanzisha makao mapya. Wakitoka kwenye kichuguu cha shamba, chakula kimefika. Wakitoka ndani ya ukuta wako ao chini ya sakafu yako, ni barua: makao yako karibu. Malkia wao anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, anataga maelfu ya mayai kwa siku moja. Kwa hiyo ukipiga dawa ya mbu kwenye wale unaowaona ukutani, umeua waandikwa wa siku moja. Kesho ataandika wengine.

Sasa, njia za kujikinga ziko ngapi? Tulikaa na mafundi wa kujenga na wauza mbao, tukapanga hivi.

Kwa mwenye hajajenga bado, hapo ndipo dawa iko rahisi zaidi. Ondoa visiki na mizizi yote ndani ya parsele. Kama kuna kichuguu, chimba hadi umtoe malkia, usikisawazishe tu juu juu na kujenga hapo. Usifukie vipande vya mbao ndani ya msingi, na nyuma ya kumwaga betoni toa mbao zote za kofraji. Mafundi wengi wanaziacha chini, kumbe wamewaandalia mchwa meza. Msingi uwe wa mawe na simenti, sakafu ipande juu ya ardhi, hata sentimetre 30, ili bomba la udongo likianza kupanda ulione kwa inje. Nguzo ya mti isiingie ndani ya udongo, ikae juu ya betoni. Maji ya mabati yaende mbali na ukuta, kwa sababu penye unyevu ndipo mchwa anapenda. Haya yote hayaombi dawa hata tone moja.

Kisha, mwenye ana uwezo, anaweza kutibu udongo mbele ya kumwaga sakafu. Dawa ambazo zinatumika leo kwa kazi hii, kwenye chupa utasoma fipronil ao imidaclopride. Uzuri wake ni kwamba zikitumika kwa kipimo chake mchwa hasikii harufu, anapita ndani, anaenda kupakaza wenzake mbele ya kufa. Kazi ya kawaida inaomba karibu litre 5 za dawa iliyochanganywa na maji kwa kila metre moja ya mfereji wa msingi wenye kina cha sentimetre 30. Kipimo cha kuchanganya kinatoka kwenye etiketi, si kwenye kichwa cha fundi. Fundi mwenye anakuja na kachupa kadogo na kunyunyiza juu juu kama padri na maji ya baraka, amekuibia.

Juu ya mbao: tusidanganyane, kaliptusi mchanga ni chakula cha mchwa. Iroko, ule Waswahili wa pwani wanauita mvule, moyo wake unashindana na mchwa kwa muda mrefu, lakini ni moyo tu. Ile sehemu nyeupe ya inje, hata ya mti mzuri toka misitu ya Mambasa, inaliwa kama mingine. Ukinunua mbao, angalia rangi, usilipe bei ya moyo kwa ngozi. Mbao za ndani ya nyumba, kwenye paa pasipovuja, zinaweza kulowekwa ao kupakwa dawa ya chumvi ya boro. Haifai kwa nguzo ya inje, mvua inaiosha.

Na mafuta ya vidanji? Wote tunayatumia, tunajua. Yanasaidia kidogo kwa nguzo za lupango, kwa muda. Lakini hayaingii ndani ya mti, na mule ndani kuna vyuma na vitu ambavyo vinaweza kuleta kansere. Usiyapake kwenye chumba cha kulala, usiyamwage karibu na kisima. Kuchoma ncha ya nguzo kwa moto pia ni kazi ya juu juu: ufa ukifunguka, mchwa wanapita. Majivu na chumvi, mvua moja inamaliza.

Kwa mwenye ameshaingia ndani ya nyumba na mchwa wako, kwanza usivunje mabomba yote siku moja. Vunja kipande, weka alama na kalamu, rudi nyuma ya siku chache. Kama wamekijenga tena, makao ni mazima. Fuata bomba hadi chini, tafuta makao yenyewe, uchimbe. Kama makao hayaonekani, fundi anachimba mfereji mdogo kuzunguka ukuta, anatoboa matundu kwenye sakafu kandokando ya ukuta, anamwaga dawa, anafunga na simenti. Iko pia njia ya chambo, ambayo huko Marekani inatumika tangu miaka ya 1990: mchwa anakula, anapeleka kwa wenzake, makao yanazimika polepole. Ni nzuri, lakini inaomba fundi arudi kukagua mara nyingi. Usimlipe mtu wa kuja mara moja.

Hapa tunapandisha sauti, kwa sababu kuna watoto ndani. Sokoni kuna dawa bila etiketi, ndani ya chupa za maji na za jus. Muuzaji anakuambia "hii ni kali, ni ya zamani, haina mchezo." Tunajua ukali huo. Dieldrin, aldrin na chlordane zilitumika sana kwa mchwa, na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukazikataza kwa sababu zinakaa ndani ya udongo, ndani ya maji na ndani ya mwili wa mtu miaka mingi. Mwezi wa tano 2025 mataifa yakakubaliana kuingiza pia ile inayoandikwa chlorpyrifos, ingawa yaliacha ruhusa za muda kwa kazi fulani. Dawa bila etiketi ni sawa na baruti bila mwenyewe: hakuna mchimbaji mwenye akili anaiwasha.

Kwa hiyo: gloves, kiziba mdomo, watoto na kuku inje ya nyumba hadi kila kitu kikauke. Kama kisima kiko karibu na ukuta, acha dawa, tumia jembe na simenti. Chupa tupu itobolewe, isirudi jikoni kuwekwa mafuta ya mawese. Na kumbikumbi mwenye anatoka kwenye nyumba iliyotibiwa, akina mama, asiingie ndani ya sufuria. Asiliwe hata kidogo.

Sasa tuje kwa mwenye kununua, kwa sababu ndiye analizwa zaidi. Enda na turnevisi, tochi na mtu mmoja mwenye hana haraka. Omba kuhamisha kabati na vitanda. Mwenye nyumba akikataa, umeshapata jibu. Gonga fremu za milango kuanzia chini, kwenye sentimetre 20 za kwanza, ndipo mchwa wanaanza. Sikiliza: mti mzima unajibu, mti ulioliwa unalia kama ngoma. Panda ndani ya plafo, usitosheke na kuangalia kwa chini. Zunguka inje, angalia kuni zilizopangwa kwenye ukuta na udongo uliopanda juu ya msingi. Rangi mpya chini tu ya ukuta, na juu ya zamani, uliza kwa nini. Kisha ongea na jirani, si na komisioneri, kwa sababu komisioneri anakula kwenye bei.

Angalia zaidi nyumba mwenye ilifungwa muda mrefu. Wengi wetu tulikimbia mwaka 2003, na tena katika Djugu tangu mwisho wa 2017. Nyumba bila moshi wa jiko, bila ufagio, bila mtu wa kuvunja bomba la kwanza, mchwa wanaifanya yao. Leo nyumba za namna hiyo zinauzwa bei ya chini, na mwenye kuuza mara nyingine mwenyewe hajui hali yake. Bei ya chini si mbaya. Lakini toa kwanza hesabu ya paa jipya, kisha ndiyo useme bei.

Na sheria iko. Dekre ya tarehe 30 julai 1888 juu ya mikataba, mwenye inatumika hadi leo katika inchi yetu, inasema kwamba muuzaji anajibu kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Kama alizijua na kunyamaza, anaweza kulipa pia hasara. Lakini sheria ile ile inasema hajibu kasoro zenye kuonekana, ambazo mununuzi angeweza kuziona mwenyewe. Na inataka ulalamike upesi, usingoje miaka miwili kama mwenzetu. Kwa hiyo ndani ya akte ya kuuzisha, andikeni mstari huu: "Muuzaji anasema nyumba haina mchwa kwa ujuzi wake, na imekaguliwa tarehe fulani mbele ya washahidi hawa." Wino kidogo. Muuzaji mwenye roho safi hataogopa kutia sahihi.

Kwa wenzetu mwenye bado wanalala ndani ya nyumba za mwajiri: Code du travail ya tarehe 16 oktoba 2002 inasema mwajiri akikuandika mbali na kwako ao akikuhamisha, anapashwa kukupatia nyumba yenye heshima, ama pesa ya nyumba. Nyumba ambayo paa lake liko tayari kukuangukia usiku haina heshima. Tunaomba kila delege, kwenye mkutano ujao na waajiri, aingize mstari juu ya mchwa: kukagua nyumba za kambi kila mwaka, kwa maandishi, na kutibu kwa dawa yenye etiketi. Hatuombi zawadi.

Wengine watasema: "Ninyi wa sendika munaongea tu, dawa ni ghali, sisi tunatafuta ya kula." Ni kweli, ni ghali kwa mtu mmoja. Lakini mchwa hajui mpaka wa parsele. Ukitibu yako peke yako, anaenda kwa jirani, kesho anarudi kwako. Hii ni kazi ya avenue, si ya mtu. Likelemba tunazo tayari, za arusi na za kilio. Tufanye moja ya mchwa: nyumba kumi, pompe moja, dawa moja yenye etiketi, fundi mmoja mwenye anajua kusoma kipimo. Na siku ya salongo, pamoja na kufagia barabara, tuondoe kuni kwenye kuta, visiki na maboksi yaliyooza. Hiyo haiombi franka hata moja.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Mchwa wanaifuata hiyo methali kila usiku, bila kuchoka, bila mgomo. Sisi pia tufanye kidogo kidogo, lakini kila mara: mara mbili kwa mwaka, mbele ya mvua ya mwezi wa tatu na mbele ya ile ya mwezi wa nane, turnevisi mkononi, tugonge kila mlango na kila shevroni.

Karatasi za kazi, kuanzia leo, zitoke ndani ya sanduku la mbao, ziingie ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, juu ya meza, mbali na ukuta. Yule mzee wetu sasa anazunguka kutafuta kopi za fishi zake, moja moja, kwa wakubwa wa zamani, wengine wamekufa. Tunamsaidia. Jumamosi hii tutakuwa kwake kutoa mabati na shevroni zilizoliwa, kuanzia saa moja asubuhi. Mwenye ana nyundo aje nayo. Yeye mwenyewe amesema atagonga kila mti mpya mbele ya kuupandisha.